Chuma Kilichovunjika Ni Shahidi

Katika taarifa za ajali, ziwe za barabarani au za ziwani, kuna maneno mawili yapendwayo mno na waandishi wake: "bahati mbaya". Tuseme ekseli ya lori imekatika kati ya Magara na Minago: bahati mbaya. Tuseme pangaboi la mashua limeng'oka mbele ya Rumonge, na upepo unaisukuma mashua kuelekea ng'ambo ya Kongo: bahati mbaya. Baada ya maneno hayo jalada hufungwa, kile chuma hutupwa kichakani au huuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na dereva au nahodha, kama yu hai, hubaki amebeba lawama. Makala haya yanakusudia kueleza kwamba chuma hakivunjiki kwa bahati, na kwamba kuandika hivyo ni kuitayarisha ajali ya pili.

Jambo hili lawahusu askari wa jeshi na wa polisi kuliko raia wengi, kwa sababu mbili. Kwanza, maisha yao ya kila siku yanategemea chuma: lori linalowabeba, mashua ya doria, silaha waliyokabidhiwa, daraja wanalolivuka usiku. Pili, chombo kinapovunjika wao ndio aghalabu wanaotangulia kufika, na neno walitialo katika daftari ndilo linalofika mbele ya hakimu. Askari asiyejua jinsi chuma kinavyokufa aweza kuandika lisilo kweli bila kukusudia, na mtu asiye na hatia akafungwa kwa ajili yake.

Wengi wetu twadhani kwamba chuma huvunjika siku kinapotwishwa mzigo kisioumudu. Ni kweli hutokea hivyo, lakini si kila mara. Wahandisi, kwa uchunguzi wa zaidi ya karne moja na nusu, wamethibitisha kwamba chuma chaweza kuvunjika chini ya mzigo ambao kimekwisha kuubeba salama mara nyingi zisizo na idadi. Zipo njia tatu zinazostahili kujulikana na kila askari: chuma huchoka, chuma hujinyosha, na chuma hupasuka kama kigae.

Tuanze na kuchoka. Mtu akitaka kukata waya bila koleo huupinda huku na huku mpaka ukatike. Hakuna mpindo mmoja uliokuwa na nguvu ya kuukata; ni wingi wa mipindo. Bandu bandu huisha gogo. Kila mara mkazo unapokuja na kuondoka, mahali palipo dhaifu katika chuma hupata dosari ndogo isiyoonekana kwa macho. Mahali hapo paweza kuwa pembe kali, tundu, shimo dogo la kutu, kovu la kuchomelewa, au hata namba iliyogongwa kwa nyundo. Dosari huwa ufa, ufa hutambaa kidogo kidogo, na siku moja sehemu iliyosalia huwa nyembamba kiasi cha kushindwa kubeba mzigo wa kawaida. Neno "kuchoka" lisitupotoshe: mwanadamu aliyechoka hupata nguvu akilala, bali chuma hakipati. Lori lililolazwa gereji miezi 6 huamka na ufa uleule liliolala nao.

Hesabu ndogo itatuonyesha ukubwa wa jambo hili. Kutoka Bujumbura hadi Rumonge ni kilomita zipatazo 75. Gurudumu la lori ambalo mzingo wake ni mita 3 huzunguka mara 25,000 katika safari hiyo, na kwa kila mzunguko bolti zinazolishika gurudumu hupokea mkazo na kuuachia. Kwenda na kurudi ni mara 50,000. Lori likienda na kurudi mara 20, bolti hizo zimekwisha kukazwa na kuachiwa mara milioni moja, mbali na mashimo ya barabara. Ikiwa naati moja imelegea, wenzake hubeba sehemu yake, na milioni hiyo huwa nzito zaidi. Kwa hiyo dereva asemaye "mbona jana lilipita salama" hajathibitisha neno lolote, kwani safari ya jana ni mojawapo ya zile zilizolichosha.

Elimu hii ilinunuliwa kwa damu. Tarehe 8 Mei 1842 ekseli ya garimoshi lililokuwa likitoka Versailles kwenda Paris ilikatika, mabehewa yakapandana na kuwaka moto, na watu zaidi ya 50 wakafa. Miongoni mwao alikuwa Amiri Jules Dumont d'Urville wa jeshi la maji la Ufaransa, baharia aliyekwisha kufika kwenye barafu ya kusini mwa dunia akarudi hai. Miaka iliyofuata August Wöhler, mhandisi wa reli wa Kijerumani, alizijaribu ekseli kwa mashine zilizozipinda tena na tena. Akaonyesha kwamba mkazo mdogo unaorudiwa sana huvunja chuma kilichoushinda mkazo mkubwa wa mara moja. Na kwamba chuma cha pua, mkazo ukipunguzwa chini ya kiwango fulani, chaweza kuvumilia muda mrefu mno. Ndiyo maana kupunguza mzigo na mwendo hurefusha maisha ya chombo kuliko wengi wanavyodhani.

Ikiwa mfano wa Ulaya waonekana u mbali, upo ulio karibu nasi. Ndege ya mizigo aina ya Boeing 707, mali ya kampuni ya Kiingereza ya Dan-Air, ilitoka London ikapitia Athens na Nairobi ikielekea Zambia. Tarehe 14 Mei 1977 ilipaa salama Nairobi, na ilipokuwa ikikaribia kutua Lusaka, bawa dogo la mkiani upande wa kulia lilikatika. Ndege ikainamisha pua ikaanguka, na watu wote 6 waliokuwamo wakafa. Ilikuwa imekwisha kuruka zaidi ya saa 47,000 na kutua zaidi ya mara 16,000. Uchunguzi ulionyesha ufa wa uchovu katika boriti ya nyuma ya bawa lile, ufa uliokua muda mrefu bila kuonwa. Wakaguzi walikuwa wakiikagua ndege kwa ratiba, ila ratiba yenyewe haikufaa kufichua ufa wa namna ile. Rubani hakukosea, wala hapakuwa na dhoruba. Kama mabaki yangaliokotwa na kuuzwa kwa kilo, marubani wale wangalilaumiwa hata leo, na ndege nyingine za aina ile zisingalikaguliwa.

Njia ya pili ni kujinyosha. Rumonge ni nchi ya michikichi, na wakamuaji wa mawese wanaijua njia hii hata kama hawajaipa jina. Chuma kinachowekwa juu ya moto kubeba pipa la chikichi zinazochemshwa huanza kikiwa kimenyooka. Pipa haliongezeki uzito mwaka hata mwaka, na hata hivyo chuma kile hupinda katikati, kidogo kidogo, mpaka siku moja kikaacha kulibeba. Mzigo haukubadilika, joto na muda ndivyo vilivyokishinda. Chuma cha pua cha kawaida huanza kuwa hatarini kwa njia hii kinapofikia joto la kama digrii 400 za Selsiasi. Kwa sababu hiyo mabomba ya boila na sehemu za injini zinazopitisha moshi wa moto huwa na kikomo cha maisha kinachohesabiwa kwa saa, wala hazingojewi mpaka zipasuke.

Yapo na madutu yasiyohitaji moto ili yajinyoshe. Kamba ya nailoni iliyofungwa kwa nguvu jioni huwa imelegea alfajiri, ingawa hapana mkono ulioigusa. Askari aliyepanga mapipa ya mafuta ndani ya mashua na kuyafunga kwa kamba hiyo, kisha akalala akiamini kuwa fundo lake ni lile lile, aweza kuamshwa na mapipa yakihamia upande mmoja. Fundo halikufunguka, kamba ndiyo iliyorefuka. Shehena ya ziwani hukazwa upya kabla ya kung'oa nanga na tena safarini.

Njia ya tatu ni kupasuka kama kigae, na ndiyo ya kutisha zaidi kwa kuwa haitoi muda wa kukimbia. Mwaka 1921 mhandisi wa Kiingereza Alan Arnold Griffith, aliyekuwa akichunguza kioo, alieleza kwamba nguvu ya kitu haitegemei unene wake tu, bali hutegemea ukubwa wa ufa ulio ndani yake. Ufa ukipita urefu fulani hukimbia wenyewe, na kitu kizima hufunguka kwa nukta moja. Chuma ambacho kwa kawaida hupinda kabla ya kukatika chaweza kugeuka tabia kikipatwa na baridi, kikiwa na madini mabaya, au kikiwa kimechomelewa vibaya. Tarehe 16 Januari 1943 meli ya mafuta Schenectady, iliyokuwa mpya kabisa, ilipasuka karibu kuwa vipande viwili ikiwa imetia nanga gatini huko Portland, katika jimbo la Oregon, Marekani. Maji yalikuwa shwari, na hapakuwa na adui. Ilikuwa miongoni mwa meli nyingi za vita ile zilizoundwa kwa haraka kwa kuchomelewa, na kadhaa nyingine zilipata nyufa za namna hiyo.

Hapa yafaa tuitazame meli ambayo kila mzee wa mwambao wetu anaijua. Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Kigoma na kuungwa huko kwa ribiti. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Iliendelea kufanya kazi mpaka karne hii. Wapo wasemao kwamba ilidumu kwa sababu chuma cha zamani kilikuwa bora. Ukweli ni mpana zaidi. Meli ya ribiti ni bamba nyingi zilizoshikana. Ufa ukianza katika bamba moja, mara nyingi hukoma ukingoni mwake. Meli iliyochomelewa ni kama bamba moja kubwa, na ufa hauna mpaka wa kuuzuia. Zaidi ya hayo, Liemba ilitengenezwa upya mara kwa mara katika maisha yake. Kwa hiyo si umri unaoua chombo, wala si umri unaokilinda. Ni idadi ya mikazo na uangalifu wa wale wanaokitunza.

Hatusemi kwamba kuchomelea ni kubaya, kwani bila kazi hiyo gereji zetu zingefungwa. Tunasema kwamba kovu la kuchomelea ni mahali papya pa kuanzia ufa, hasa kazi ikifanywa juu ya kutu au juu ya springi, ambayo ni chuma kilichopewa ugumu wake kwa moto na hupoteza tabia hiyo kikitiwa moto mwingine. Anayechomelea springi iliyokatika na kulirudisha gari barabarani likiwa limejaa askari hakulitengeneza. Ameahirisha ajali, wala hajui ameiahirisha hadi lini.

Sasa tufikie lile lililotufanya tuandike. Chuma kilichovunjika kina maandishi usoni pake. Kikiwa kimekufa kwa uchovu, sehemu moja ya uso wa mvunjiko huwa laini, mara nyingi imepigwa giza au imeshika kutu, na juu yake huonekana mistari iliyopindana, mmoja nyuma ya mwingine. Wahandisi huifananisha mistari hiyo na ile inayoachwa na mawimbi mchangani. Hapana shaka mvuvi wa Rumonge angeitambua mara moja. Ukiifuata mistari hiyo kurudi nyuma utapafikia pale ufa ulipoanzia. Sehemu iliyosalia huwa na chembechembe mbichi zing'aazo, nayo ndiyo iliyokatika mwishoni. Ikiwa sehemu ya zamani ni kubwa na ile mbichi ni ndogo, chombo kile kilikuwa kikifa kwa siku nyingi chini ya mzigo usiokuwa mkubwa. Ikiwa uso wote ni mbichi na chuma kimepinda, yamkini kilizidiwa kwa mara moja. Tofauti hiyo yatosha kumwokoa dereva asiye na kosa, au kumfikisha mbele ya sheria mwenye chombo aliyeonywa akapuuza.

Lakini maandishi hayo hufutika upesi. Hufutwa na kidole, na kitambaa cha fundi, na mvua ya usiku mmoja, na zaidi ya yote na ile tabia ya kuvichukua vipande viwili na kuvigusisha ili kuona kama vinalingana. Anayefanya hivyo anasaga ushahidi kwa mkono wake. Polisi asingeruhusu mtu akanyage nyayo za mwizi mlangoni pa duka. Basi asiruhusu uso wa chuma kilichoua watu uguswe. Kipande kiachwe kikauke, kifungwe katika kitambaa kikavu, kiandikwe kilikutwa wapi na kikielekea upande gani, kipigwe picha, kisha kihifadhiwe kama ihifadhiwavyo risasi iliyotolewa mwilini.

Duniani kuna mfano mkubwa wa kazi hiyo, nao uliwahusu wanajeshi. Ndege za Comet, za kwanza za abiria kutumia injini za jeti, zilianza safari zake tarehe 2 Mei 1952 kutoka London hadi Johannesburg, zikipitia Khartoum na Entebbe. Tarehe 10 Januari 1954 moja ilipasukia angani karibu na kisiwa cha Elba, wakafa watu 35. Tarehe 8 Aprili mwaka huohuo nyingine ikapotea karibu na Italia, wakafa 21. Wapo waliodhani ni bomu. Jeshi la maji la Uingereza likaagizwa kuyatafuta mabaki chini ya bahari karibu na Elba, na mabaharia wakayapandisha kipande baada ya kipande. Huko Farnborough ndege nzima ya aina hiyo ikawekwa ndani ya tangi la maji na kujazwa na kupunguzwa shinikizo tena na tena, ikapasuka baada ya kufikisha safari zipatazo 3,000, za kweli na za majaribio. Ikajulikana kwamba ni uchovu wa chuma. Bila subira ya mabaharia wale, jibu lingebaki baharini.

Ziwa letu halitupi nafasi kama ile. Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470 mahali pake pa chini kabisa, nasi hatuna meli za kufika huko. Mhimili wa pangaboi uliokatika mbali na pwani umekwenda na ushahidi wake. Basi mashua yenyewe, ikivutwa hadi ufukweni, na kile kisiki cha mhimili kilichosalia ndani yake, ndicho shahidi pekee tuliye naye. Nusu ya mvunjiko husema karibu sawa na ile nusu nyingine. Kisitupwe.

Tunajua majibu yatakayotolewa. Itasemwa kwamba hatuna maabara wala vipuri. Ni kweli, lakini ukaguzi wa kwanza hauhitaji maabara. Mafundi wa reli tangu zamani walitumia mafuta na chaki: kipande husafishwa vizuri, hulowekwa katika mafuta ya taa, hufutwa mpaka kikauke, kisha hupakwa vumbi la chaki nyeupe. Mahali penye ufa, mafuta yaliyojificha hutoka na kuchora mstari juu ya chaki. Katika kambi iliyo maskini kuliko zote mafuta ya taa na chaki hupatikana. Kinachohitajika ni saa moja ya utulivu, na mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo kwa jina.

Itasemwa pia kwamba amri haingoji chaki. Hapa tunazungumza na wakuu. Dereva au nahodha aonyeshaye ufa na kuomba chombo kisiondoke hakukaidi amri. Ameitumikia amri kabla haijazama. Mkuu amwadhibuye mtu huyo atakuwa amewafundisha wengine wote kunyamaza, na kuanzia siku hiyo kila ufa utafichwa mpaka utakapojifunua wenyewe. Naye afisa anayetia sahihi kitabu cha ukaguzi bila kukitazama chombo ajue kwamba sahihi yake ni sehemu ya ajali itakayokuja.

Askari hufundishwa tangu siku za kwanza kuisafisha bunduki yake na kuitazama kipande kwa kipande, hata kama haikupiga risasi. Hakuna anayeiona kazi hiyo kuwa ya aibu wala ya kupoteza muda. Tunachoomba ni kwamba nidhamu hiyo ivuke kutoka kwenye bunduki ifike kwenye bolti ya gurudumu, kwenye springi, kwenye mhimili wa mashua na kwenye kamba ya shehena. Na pale ajali itakapotokea licha ya hayo, maneno "bahati mbaya" yasiandikwe kabla uso wa chuma haujasomwa.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye nyumba huujenga ukuta wake upya kwa matofali. Lakini watu waliozama mbele ya Rumonge hawajengwi upya.